Daftari la Ruta: NAT na Njia ya Akiba kwenye Kisambaza Wi-Fi

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, nanyi mliokuja kwa sababu tu Wi-Fi ya kazini imewachosha: hamjambo, na asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nieleze namna ya kupanga NAT, yaani ugeuzaji wa anwani, pamoja na njia ya akiba kwenye kisambaza Wi-Fi. Kwa kawaida mambo haya mawili hufundishwa mbalimbali, kama majirani wasiosalimiana. Leo nitayafunga kwa kamba moja, maana aibu kubwa niliyowahi kuipata katika kazi hii ilinikuta pale pale yanapokutana. Nianze na aibu hiyo.

Ofisi moja iliniita niwafungie njia ya akiba. Njia kuu ilikuwa kebo. Akiba ikawa modemu ya laini ya simu. Nikafunga, nikapanga, nikamwita mwenye ofisi ashuhudie. Nikachomoa kebo, nikafungua ukurasa mpya kwenye kompyuta, ukafunguka. Nikarudisha kebo, nikafungua mwingine, nao ukafunguka. Tukashikana mikono nikaondoka kifua mbele.

Siku chache baadaye nikapigiwa. Njia kuu imekatika tangu asubuhi, kurasa zinafunguka, barua pepe zinaingia, ila simu za mezani, zile zinazopita kwenye intaneti, zimegeuka mapambo. Hazilii wala hazipigi. Nikafika, nikaitazama ruta: imehamia njia ya akiba kama nilivyoiagiza. Pingi, yaani hodi fupi ya kupima njia, inajibiwa. Nikazima simu moja nikaiwasha, bado. Mwisho nikazima ruta yenyewe, nikaiwasha, na simu zote zikafufuka kwa pamoja. Mwenye ofisi alifurahi. Mimi nilikosa usingizi, kwa sababu kitu kilikuwa kimepona nami sijui kilikuwa kinaumwa nini.

Ili mwone kilichotokea, naomba tuiangalie NAT kama daftari. Si uchawi, si ulinzi, ni daftari tu.

Anwani ya IPv4, ile namba inayotambulisha kifaa kwenye intaneti, ina biti 32, kwa hiyo anwani zote zinazowezekana ni 4,294,967,296. Zilionekana nyingi mno zilipobuniwa. Mwaka 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha RFC 1631, moja ya nyaraka za kiufundi za intaneti, wakipendekeza kifaa kinachokaa mpakani na kubadilisha anwani za ndani kuwa za nje. Wenyewe waliita suluhisho la muda mfupi. Februari 1996 ikaja RFC 1918, iliyotenga mafungu matatu ya anwani za matumizi ya ndani: lile la 10.0.0.0, la 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255, na la 192.168.0.0 ambalo kila mmoja wenu analijua kuliko namba yake ya simu. Tarehe 3 Februari 2011 akiba kuu ya dunia ya IPv4 ikagawiwa mafungu yake ya mwisho. Basi lile la muda mfupi limekuwa mzee wa nyumba, na baadhi ya mafundi waliomo humu wamezaliwa wamelikuta.

Daftari linaandikwa hivi. Simu yenye anwani 192.168.50.23 inataka kuzungumza na seva 198.51.100.7 kwenye poti 443, yaani mlango wenye namba hiyo. Inatuma pakiti, yaani kifurushi cha data, kutoka poti yake, tuseme 51000. Ruta inaipokea, inafuta anwani ya mtumaji, inaandika yake ya nje, tuseme 203.0.113.5, na poti 51000 au nyingine ikiwa hiyo imeshachukuliwa. Kisha inaandika mstari: aliyetoka ndani ni huyu, amekwenda kwa yule, nimemtoa kwa jina hili. Jibu likirudi, ruta inasoma mstari, inageuza kinyumenyume, inamfikishia mwenyewe. Pakiti inayoingia bila mstari, na bila agizo maalumu, haina wa kuipokea. Ndiyo maana watu hudhani NAT ni ukuta wa moto, yaani mlinzi wa kuzuia wasiotakiwa. Siyo. Ni karani asiyemjua mgeni.

Sasa shikeni jambo hili kwa mikono miwili: mstari ukishaandikwa, pakiti zote zinazofuata za mazungumzo yale yale huufuata mstari. Hazirudi kwenye kanuni zako za NAT kuuliza upya. Kanuni husomwa mara moja tu, pakiti ya kwanza inapopita.

Na mstari unaishi muda gani? Inategemea. Kwenye Linux, mfumo endeshi ambao ndio roho ya ruta nyingi hata zile zisizojitangaza, mazungumzo ya TCP, ambayo pande mbili hukubaliana kwanza kabla ya kutumiana, yaliyokwisha kushikana hukaa daftarini sekunde 432,000 baada ya pakiti ya mwisho, yaani siku 5 kamili, usipobadilisha. Ya UDP, ambayo hutuma bila makubaliano hayo, hufutwa baada ya dakika chache tu za ukimya. Lakini kila pakiti inayopita inaanzisha hesabu upya. Kitu kinachobisha hodi kila nusu dakika hakifutwi kamwe.

Rudini nami ofisini. Simu zile za mezani zilikuwa zinabisha hodi kwa seva yao kila sekunde 30, kwa UDP, kutoka poti ile ile siku zote. Mimi nilikuwa nimeandika kanuni ya SNAT, yaani ya kugeuza anwani ya mtumaji, yenye anwani ya kebo kwa mkono, kwa sababu anwani yenyewe ilikuwa ya kudumu na nilijiona mjanja. Kebo ilipokufa huko mbele, ruta ikabadilisha njia, pakiti za simu zikaelekezwa kwenye modemu. Ila daftari bado linasema: hawa hutoka kwa jina la kebo. Basi zikatoka kwenye modemu zimevaa anwani ya mtoa huduma mwingine. Mtoa huduma wa laini akaona anwani asiyoitambua, akazitupa, na alikuwa na haki. Ushauri wa kutupa pakiti za namna hiyo umeandikwa tangu mwaka 1998. Simu hazikupata jibu, zikaendelea kubisha hodi, na kila hodi ikaongeza uhai wa mstari ulioziua. Hata nilipoizima ile moja nikaiwasha, ilirudi na poti ile ile kabla mstari haujafutwa.

Na jaribio langu mbele ya mwenye ofisi? Nilifungua kurasa mpya. Mazungumzo mapya huandikiwa mstari mpya. Nilijaribu kitu pekee ambacho hakikuwa na njia ya kuharibika.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, upande wowote wa nje unaoweza kufa, usitumie SNAT ya anwani iliyoandikwa kwa mkono, tumia masquerade, ambayo hujichukulia anwani ya upande pakiti inapotokea. Tofauti yao haiko kwenye kujichukulia anwani tu, kama vitabu vingi vinavyoishia kusema. Masquerade inakumbuka imetokea upande gani. Upande ukizimika, mistari yake inafutwa. Na katika Linux za sasa, mazungumzo yakijikuta yanasukumwa kutokea upande mwingine, mstari unatupwa na yanaanza upya. Pili, kama unalazimika kubaki na SNAT, basi programu inayohamisha njia iambatane na amri ya kufuta mistari ya anwani iliyokufa, yaani conntrack, amri ya Linux ya kusimamia daftari hili, iwe conntrack -D ukitaja anwani hiyo. Usifagie daftari zima kwa conntrack -F kama una njia mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, utawakatia na wasiokuwa na kosa.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Sasa turudi mwanzo wa kazi, kwenye swali ambalo huwa naliuliza kabla sijafungua boksi: je, kisambaza Wi-Fi hiki kinapaswa kufanya NAT kabisa?

Mara nyingi jibu ni hapana. Kama mbele yake kuna ruta inayogeuza anwani, kiweke kwenye hali ya daraja, yaani kipitishe pakiti bila kugeuza anwani, zima DHCP yake, ile inayogawa anwani kwa vifaa, kiache kiwe antena yenye kebo. Ukikiacha kwenye hali ya ruta unapata NAT juu ya NAT: intaneti inafanya kazi, ila printa iliyoko upande wa pili haionekani, poti ulizofungua haziingizi mtu, na utafutaji wa tatizo unakuwa wa madaftari mawili. Tazama anwani yake ya nje. Ikianza na 192.168 au 10, mbele kuna mgeuzaji mwingine. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mgeuzaji huyo yuko kwa mtoa huduma. Fungu hilo lilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012, na hapo huna la kuzima.

Pale kisambaza Wi-Fi kinapobeba njia mbili za nje, NAT inakuwa kazi yake halali. Na hapo kuna shimo dogo linalowameza wengi: mafungu yanayogongana. Modemu ya akiba nayo ni ruta ndogo, inagawa anwani zake za 192.168. Ikiwa nayo inagawa 192.168.1 na wewe ndani umeweka 192.168.1, ruta haitajua lango liko ndani au nje. Njia kuu inafanya kazi miezi, na siku akiba inapoitwa ndipo ugomvi unaanza. Chagua fungu la ndani lisilopendwa na viwanda. Mimi hutumia 172.20 au 10 yenye namba ya ajabu katikati.

Halafu kuna wanaotaka akiba yao iwe Wi-Fi ya jirani waliyekubaliana naye: kisambaza chao kinajiunga kama mteja kwenye Wi-Fi ile, na kinawarushia watu wake Wi-Fi yao. Ni njia nzuri, nami nimeitumia, lakini ina tabia zake.

Watu huniuliza kwa nini hapo daraja halikubali, mpaka NAT. Sababu iko ndani ya fremu ya Wi-Fi, yaani bahasha inayobeba pakiti hewani. Mteja anapotuma fremu kwa kisambaza, kichwa cha fremu kina nafasi tatu za anwani za MAC, yaani namba za utambulisho za vifaa vyenyewe: ya kisambaza kinachopokea, ya mteja anayerusha, na ya mwisho wa safari. Hakuna nafasi ya kusema kwamba aliyeanzisha ni kompyuta nyingine iliyo nyuma yangu. Kwa hiyo kisambaza cha jirani kinamjua mteja mmoja tu, na kompyuta zako kwake hazipo. Kuna hali ya anwani nne, wengi wanaijua kwa jina la WDS, lakini pande zote mbili lazima zikubaliane, na jirani hana sababu ya kuifungua kwa ajili yako. NAT inazivika pakiti zote anwani ya mteja yule mmoja, na mambo yanakwenda.

Tabia ya pili ni ya redio. Redio moja inasikiliza chaneli moja kwa wakati mmoja. Ikiwa redio hiyo hiyo ni mteja wa jirani na pia ni kisambaza chako, chaneli anaichagua jirani. Ruta yake ikihama chaneli usiku, Wi-Fi yako inahama nayo. Jirani akizima yake, redio yako inaanza kumtafuta chaneli kwa chaneli, na kwenye vifaa vingi watu wako wanakatika huku kebo yako ikiwa nzima kabisa. Yaani akiba inaua njia kuu. Kama kifaa kina redio mbili, mpe jirani moja na watu wako nyingine. Kama kina moja, nunua kifaa kingine. Sitapamba maneno hapa.

Tuje kwenye kuhama kwenyewe. Ruta ina njia mbili za kutokea, kila moja na metriki yake, yaani namba ya kipaumbele, ndogo ndiyo inayoshinda: kebo 10, modemu 20. Kebo ikichomolewa kwenye tundu la ruta, taa inazimika, njia ya kwanza inaondoka, ya pili inashika. Hilo halihitaji fundi. Lakini kebo karibu haikatikii kwenye tundu lako. Inakatikia huko mbele, taa ikiwa imewaka kijani kama kawaida, na ruta inaendelea kumwaga pakiti shimoni.

Kwa hiyo ruta lazima ibishe hodi mbali. Kupingi lango la mtoa huduma, yaani ruta yake ya kwanza mbele yako, hakutoshi, maana lango linaweza kuwa hai na dunia nyuma yake imekufa. Pingi anwani mbili za nje zisizo na uhusiano, kwa mfano 1.1.1.1 na 8.8.8.8, na useme njia imekufa pale tu zote mbili zinapokosa kujibu. Na hii ni muhimu: kila hodi ifungwe kwenye njia inayoipima. Usipoifunga, kebo ikifa ruta inahamia modemu, hodi ya kebo nayo inapita kwenye modemu, inajibiwa, ruta inaamini kebo imefufuka, inarudi, inakuta imekufa, inahama tena. Nimeona ruta ikicheza hivyo siku nzima, na mwenyewe analaumu hali ya hewa.

Hesabu zangu ni hizi: hodi kila sekunde 5, ikikosa mara 3 mfululizo njia imekufa. Hiyo ni kama sekunde 15, ongeza moja mbili za kungoja jibu la mwisho. Kurudi kuwe kwa taratibu zaidi, hodi 12 zilizojibiwa bila kukosa, dakika nzima. Njia inayokufa na kufufuka kila dakika mbili ni mbaya kuliko iliyokufa, kwa sababu kila kuhama kunachana mazungumzo yote. Wanaotaka kuhama ndani ya sekunde 2 huwa nawauliza: simu ikikwaruza kidogo utafurahi ikikatwa?

Mengine nitayapita mbio. Ule upande wa akiba uwekwe kwenye kanda ile ile ya nje ya ukuta wa moto. Ukisahau NAT juu yake, pakiti zinatoka na anwani za ndani, hazina pa kurudi. Ukisahau kuzuia yanayoingia, ukurasa wa mipangilio ya ruta yako unasomeka na wapita njia. Hili la pili ni baya zaidi kwa sababu halilalamikiwi na mtu.

DNS: seva za majina za mtoa huduma mmoja mara nyingi huwajibu wateja wake tu. Ukihamia kwa mwingine na bado unaziuliza zile, pingi ya namba inapita, majina hayafunguki, na kila mtu atakuapia kwamba akiba haifanyi kazi. Weka seva zinazojibu kutoka pande zote mbili.

Ukubwa wa pakiti: njia ya PPPoE, namna ambayo baadhi ya watoa huduma huwaunganisha wateja, hubeba baiti 1492, si 1500, na laini za simu wakati mwingine chini ya hapo. Dalili yake ni kurasa nyepesi kufunguka na nzito kuning'inia. Washa ubanaji wa MSS, yaani kikomo cha data ndani ya kila pakiti ya TCP, kwenye pande zote mbili za nje.

Poti ulizofungua kwa ajili ya kamera au seva ya ndani hazitafuata njia ya akiba. Anwani ya nje imebadilika, na laini ya simu mara nyingi iko nyuma ya NAT ya mtoa huduma. Mwenye haja ya kuingia kutoka nje ajenge handaki, yaani njia iliyofichwa ndani ya intaneti, linaloanzia ndani, kama la programu ya WireGuard, yenye hodi ya kila sekunde 25. Anwani ikibadilika, upande wa pili unajifunza mpya kutokana na pakiti halali inayofuata.

IPv6, mfumo mpya wa anwani ndefu zaidi, nayo ina kiburi chake: hakuna daftari la kugeuza, kila kifaa kina anwani kamili iliyotokana na mtoa huduma. Njia ikifa, vifaa vinabaki vimeshika anwani za njia iliyokufa mpaka ruta itangaze kwamba zimekwisha muda. Hakikisha yako inatangaza. Wapo wanaozima IPv6 kabisa kwa sababu hii. Sipendi, lakini siwahukumu.

Na sasa jaribio, maana nina deni nalo. Usichomoe kebo kwenye ruta. Iache ruta na modemu ya njia kuu zikiwa zimeshikana, taa zikiwaka, chomoa upande wa pili wa modemu, ule unaotoka nje. Kabla hujachomoa, fungua vitu vinavyokaa: simu ya intaneti iliyo katikati ya mazungumzo, faili kubwa linaloshuka, simu za mezani zilizokwisha kujisajili. Kisha usiguse kitu. Usifungue ukurasa mpya, usizime wala kuwasha. Ngoja dakika tano, halafu piga namba ya mezani kutoka nje uone kama italia. Rudisha kebo, ngoja, rudia yote upande wa kurudi, kwa sababu kurudi nako ni kuhama. Ofisini kule nilirudi jioni, wafanyakazi wametoka, nikafanya hivyo mara tatu.

Hapa mezani nimeleta kisambaza chenye kanuni nilizozitaja, modemu mbili, na simu moja ya mezani. Dada uliyekaa mbele, naomba upokee hii, umpigie yeyote, uzungumze naye. Ninyi wengine angalieni saa. Nikichomoa, mazungumzo yatanyamaza, hilo haliepukiki. Ninachotaka kujua ni baada ya sekunde ngapi simu itakuwa imejisajili tena na dada ataweza kupiga upya. Hodi zake nimeziweka kila sekunde 30, kwa hiyo nategemea isizidi dakika moja. Ikizidi, njooni mezani tulisome daftari pamoja. Haya, nachomoa.